Mbinga inalima kahawa, wengine ndio wanaoijua ladha yake

WAPENZI wa mvinyo katika nchi nyingi wana desturi moja ambayo mkulima wa Mbinga anaweza kuiona kama mzaha. Kila kiangazi kinapoingia, hutenga wiki kadhaa, hupakia mizigo kwenye gari na kwenda kuzunguka mashambani. Asubuhi hutembelea shamba la mizabibu, mchana hukaa chini ya mti wakila mkate na jibini, jioni huonja mvinyo wa mwaka huu na wa mwaka juzi. Huuliza udongo ni wa aina gani, mvua ilinyesha lini, mapipa yamechongwa kwa mti gani. Huonja kidogo, hutema kwenye ndoo, huandika kwenye daftari. Wakiondoka hubeba chupa sita au kumi na mbili, na mara nyingi hulipa bei ambayo wasingekubali kuilipa katika duka la mtaani kwao.

Huo si uzembe wa matajiri, ni biashara. Huko Stellenbosch, Afrika Kusini, wakulima wa zabibu walianzisha njia yao rasmi ya wageni mwaka 1971, wakafungua milango ya mashamba, wakaweka vibao barabarani na viti uani. Mgeni aliyekanyaga udongo wa shamba akaonja kilichotoka humo hasahau jina la shamba. Akirudi kwao huliagiza kwa jina.

Hapa nchini mwenye hamu ya jambo hilo ataelekezwa Dodoma, na ni haki. Mizabibu iliingia huko kwa mikono ya wamisionari, na hali ya hewa ya mkoa ule inawapa wakulima mavuno mawili kwa mwaka, jambo ambalo Mfaransa au Mtaliano halipati. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu, Hombolo kuna kiwanda cha mvinyo, na mashamba yapo kando ya barabara. Mbinga hakuna mzabibu wa kuzungumzia. Mkoa wa Ruvuma una ulanzi, ambao wapenzi wake hawahitaji pipa wala miaka ya kusubiri. Hugemwa wakati wa mvua, na asiyeunywa mapema atakuta umeshamgeukia.

Lakini milima ya Umatengo ina kinywaji kingine kinachoonjwa kwa namna ile ile ya mvinyo, kwa kijiko badala ya glasi, kwa kunusa, kuvuta na kutema. Kinapewa alama, na alama hizo zinageuka kuwa fedha. Ni kahawa. Tatizo ni kwamba kuonja huko kunafanyika mbali na Mbinga, na mtu wa mwisho kujua kahawa yake ina ladha gani ni yule aliyeipalilia.

Kahawa ya arabika imelimwa Umatengo tangu miaka ya 1920. Vizazi vitatu au vinne vimesomeshwa, vimejengewa nyumba za bati na kuolewa kwa fedha ya kahawa. Hata hivyo, ukipita Litembo, Maguu au Utiri na kuomba kikombe cha kahawa nyumbani kwa mkulima, mara nyingi utaletewa chai. Wala hilo si kosa la mkulima. Zao liliingia kama zao la biashara la kupeleka nje, likakusanywa na vyama vya ushirika tangu enzi za NGOMAT, likakobolewa, likapelekwa mnadani Moshi, na huko ndiko waonjaji wa Bodi ya Kahawa walikokaa na vijiko vyao. Mkulima alirudishiwa karatasi yenye daraja na bei. Kwa nini daraja lile na si jingine, karatasi haikusema.

Kuonja kahawa kuna taratibu zake, nazo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kahawa hukaangwa kwa wastani, isiungue, kisha huachwa ipumzike hadi kesho yake. Husagwa, na kila kikombe hutiwa gramu 8.25 kwa kila mililita 150 za maji. Muonjaji kwanza hunusa unga mkavu. Maji yaliyochemka na kupoa kidogo, nyuzi joto 93 hivi, humiminwa moja kwa moja juu ya unga, na dakika nne hupita bila mtu kugusa kitu. Juu ya kikombe hujengeka utando mzito. Muonjaji huinama pua ikiwa karibu kuzama, huuvunja utando kwa mgongo wa kijiko, na hapo harufu yote hutoka kwa mara moja. Povu huondolewa. Kahawa ikishapoa kiasi cha kutounguza ulimi, huchotwa kwa kijiko na kuvutwa mdomoni kwa kishindo, kama mtu anayekunywa uji wa moto, ili imwagike ulimi mzima na kupanda hadi puani. Mbele ya wakwe ingekuwa aibu. Mbele ya mnunuzi wa Tokyo ni ujuzi. Kisha hutemwa.

Kila sampuli huwekewa vikombe vitano, na sababu yake inamhusu mkulima moja kwa moja: punje chache mbovu zinaweza kukosekana katika vikombe vinne na kuharibu cha tano. Kikombe hicho kimoja hushusha alama za mzigo mzima.

Kwa miaka mingi alama zimetolewa kati ya 100, na kahawa inayofika 80 au zaidi huitwa kahawa maalumu. Mfumo huo ulianza kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2023, lakini mambo yanayotafutwa kikombeni ni yale yale: harufu, uchachu mzuri kama wa tunda, utamu, uzito mdomoni, ladha inayobaki baada ya kumeza, na usafi. Kwa kahawa ya chini ya hapo, bei hufuata soko la dunia, na soko la dunia halina huruma. Mwaka 2001 lilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili, na mibuni mingi ikaachwa ivamiwe na magugu. Mwezi Februari 2025 likapanda kupita dola 4 kwa ratili, na kila mtu akakumbuka shamba la marehemu babu. Mkulima wa Mbinga hakufanya lolote kushusha bei ile ya kwanza, wala hakufanya lolote kupandisha hii ya pili. Ukame wa Brazil na hofu ya wafanyabiashara wa New York vilitosha. Kitu pekee kilicho mikononi mwake ni kile kinachoingia kikombeni.

Hapa ndipo ulimi wa mkulima mwenyewe ungefaa kuliko semina kumi. Makosa ya kahawa yanasomeka mdomoni kama maandishi. Ukakasi unaokausha ulimi, kama wa ndizi mbichi, unasema matunda yalichumwa kijani. Uchachu wa siki au harufu ya kitu kilichooza unasema kahawa ilivundikwa saa nyingi kupita kiasi, au mashine ya kumenyea haikuoshwa na punje za jana zikachanganyika na za leo. Harufu ya udongo na ukungu inasema ilianikwa chini badala ya kwenye vichanja, au iliingizwa ghalani kabla unyevu haujashuka kufikia asilimia 12 hivi. Na harufu ya mafuta ya taa inasema gunia lilikaa pembeni ya dumu. Kahawa hunyonya harufu kama sifongo, na hakuna mashine ya kukoboa itakayoitoa.

Bwana shamba anaweza kusema "chumeni matunda mekundu tu" kwa miaka ishirini, na wengine wakaitikia na kuendelea kukamua tawi zima kwa mkono. Lakini mkalishe mkulima huyo huyo mezani, mwekee kikombe cha matunda mekundu na kikombe cha mchanganyiko, vyote kutoka mlima mmoja, asiambiwe kipi ni kipi. Akivuta kijiko cha pili atakunja uso mwenyewe.

Wanaofanya biashara ya mvinyo wanajua nguvu ya kuonja bila kuona jina. Mwezi Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliandaa shindano mjini Paris, waamuzi Wafaransa wakaonja mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kujua chupa ni ya nani. California ikashinda kwa mvinyo mweupe na mwekundu. Kabla ya siku ile, mvinyo wa Marekani ulikuwa ukinunuliwa kwa dharau. Baada yake, bei ya mashamba ya Napa haikurudi ilikokuwa. Udongo na zabibu vilikuwa vile vile, kilichobadilika ni kwamba watu walilazimika kuamini ndimi zao.

Mbinga ina tatizo la jina hata zaidi ya lile la California. Nchini Japani, mmoja wa wanunuzi wanaoithamini sana arabika ya Tanzania, taratibu za sekta ya kahawa zinaruhusu arabika ya nchi hii, isipokuwa ya Bukoba, iuzwe kwa jina la Kilimanjaro. Kwa hiyo kahawa iliyopandwa Umatengo, ikamenywa kwa maji ya vijito vya Umatengo, inaweza kunywewa Tokyo kwa jina la mlima ambao mkulima wake hajawahi kuuona ila kwenye noti na chupa ya bia. Wachaga hawana lawama; walianza mapema na mlima wao unaonekana kwenye picha. Lakini Ethiopia ilionyesha kwamba jina linapiganiwa. Kuanzia mwaka 2005 nchi hiyo ilidai umiliki wa majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe huko Marekani, ikavutana na kampuni ya Starbucks, na mwaka 2007 pande hizo mbili zikafikia makubaliano. Majina hayo yalikuwa na uzito kwa sababu kulikuwa na watu duniani waliokwisha kuzionja kahawa hizo na kuzitofautisha. Jina la Mbinga litapata watu wa namna hiyo wapi, kama hakuna anayekuja Mbinga kuonja?

Hoja ya ukurasa huu basi ni kwamba Mbinga na wilaya jirani ya Nyasa, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, zina kila kitu cha kumpa mpenzi wa kahawa kiangazi kama kile cha mpenzi wa mvinyo, na kwamba wa kwanza kufaidika na uonjaji huo ni mkulima mwenyewe, hata kama wageni watachelewa kuja.

Majira yanakubali. Matunda huanza kuiva kuanzia Mei au Juni na mavuno huendelea hadi Septemba au Oktoba, miezi ambayo mvua imekatika, barabara za vijijini zinapitika, na wageni wa Ulaya wako likizoni. Mizabibu ya Ulaya ikiwa bado inakomaza zabibu, mitambo ya kumenya kahawa ya Mbinga ndiyo kwanza inanguruma usiku. Mgeni anayefika Julai hataonyeshwa picha ukutani. Atakuta mizani, foleni, matope, na akina mama wakichambua punje kwenye vichanja.

Njia nayo inakubali, na hili miaka ya nyuma lisingeweza kuandikwa. Lami kutoka Songea inafika Mbinga mjini, na kipande cha Mbinga hadi Mbamba Bay, kilichokuwa kikiwatoa watu jasho kila masika, nacho kimewekwa lami. Gari linalotoka kwenye baridi ya milimani asubuhi, watu wakiwa na makoti, linafika ufukweni mchana kwenye joto, katika ziwa ambalo uso wake hauzidi mita 500 juu ya usawa wa bahari. Ni kilomita zisizofika sabini.

Juu milimani, jambo la kwanza la kumwonyesha mgeni, kabla hata ya mibuni, ni ngoro. Wamatengo wanaziona kila siku na pengine hawazishangai tena. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, miraba miraba kama wavu. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuufukia juu ya nyasi. Mteremko mzima unabaki na mashimo yaliyopangana, kila shimo likikamata maji yake na udongo wake, nyasi zikioza chini na kuwa mbolea. Maharage hutangulia, mahindi hufuata. Ni kilimo cha zaidi ya karne moja kwenye miteremko ambayo trekta haliwezi kusimama, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wataalamu kutoka Japani walikaa miaka wakikichunguza katika vijiji kama Kindimba. Kama profesa alivuka bahari kuja kutazama, mtalii hawezi kukosa.

Kisha mibuni. Hapa mwenyeji asione haya kueleza matatizo. Mpenzi wa mvinyo hufurahi akisikia habari za ugonjwa wa mizabibu kuliko akisikia sifa tupu, na mpenzi wa kahawa ni wa ukoo huo huo. Aelezwe chulebuni na kutu ya majani, aonyeshwe mibuni ya zamani inayodai dawa kila msimu na miche bora ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, yenye kituo chake kidogo Ugano. Aachiwe achume kilo moja ya matunda mekundu peke yake. Atachukua muda mrefu, mgongo utamuuma, na kuanzia hapo hatauliza tena kwa nini kahawa ni ghali.

Mwisho wa siku ndiyo meza ya kuonjea. Vikombe vitatu vya milima mitatu, au vya mbegu ya zamani na mbegu mpya, au vya kahawa iliyooshwa na iliyokaushwa na ganda lake. Hakuna sababu ya kungoja jengo la mamilioni. Ubao, vikombe vya aina moja, vijiko, mizani ndogo, kinu cha mkono, birika na chombo cha kukaangia vinatosha kwa kuanzia, na vyama vya msingi vingi vinatumia zaidi ya hapo kwa mkutano mkuu mmoja wenye soda na pilau. Kinachohitajika zaidi ni kijana mmoja au wawili wa kijiji waliofundishwa vizuri kuonja, watakaokaa hapo msimu mzima wakionja mzigo wa kila siku, mgeni awepo au asiwepo.

Hili la kuonja mzigo wa kila siku ndilo lenye ugomvi ndani yake, na viongozi wa vyama wanalijua. Kahawa ya wanachama huchanganywa. Anayechuma mekundu na anayekamua tawi wanalipwa sawa kwa kilo, kwa hiyo mwadilifu anambeba mzembe mgongoni. Meza ya kuonjea ikiwepo, visingizio vinapungua: matunda mabichi yatakataliwa getini kwa sababu kila mtu ameshaonja matokeo yake. Kutakuwa na kelele. Mjomba wa mwenyekiti atarudishiwa debe lake. Chama ambacho hakiwezi kustahimili siku hiyo, bora kisipoteze fedha kununua vijiko.

Baada ya siku mbili milimani, mgeni anateremka ziwani. Nyasa ni ziwa la tatu kwa ukubwa barani Afrika, kina chake kinafika karibu mita 700, na samaki wake wadogo wa rangi wanafugwa kwenye vioo katika sebule za Ulaya. Pale Mbamba Bay apewe mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo, na mama lishe asijaribu kumpikia chipsi. Awekewe na dagaa wa ziwani waliokaangwa wakavu. Jioni aletewe tena kahawa ile aliyoiona ikioshwa juzi, mbele ya maji, jua likizama upande wa Malawi. Hoteli na nyumba za wageni za ufukweni zinazomtilia mgeni kahawa ya unga ya kopo wakati gunia la Mbinga limekaa kilomita sabini juu yake zinajiibia zenyewe.

Halafu kuna Liuli, ambako mwamba mkubwa majini uliwafanya Wajerumani wapaite bandari ya Sphinx. Mwezi Agosti 1914 meli yao ya kivita, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo ikifanyiwa matengenezo. Nahodha Mwingereza Rhoades, aliyekuwa na urafiki na nahodha Mjerumani kiasi cha kunywa pamoja walipokutana ziwani, akaja na meli Gwendolen na kuanza kufyatua mzinga. Mjerumani akapiga makasia kwenda kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Vita Kuu ya Kwanza kwa upande wa majini inatajwa kuwa na moja ya mapambano yake ya kwanza kabisa papo hapo, kati ya watu wawili waliozoea kugonganisha glasi. Kwingineko kisa kama hicho kingekuwa na kibao, makumbusho, fulana na mwongozaji aliyekariri. Liuli kijana mwenye boti anaweza kukisimulia mbele ya mwamba wenyewe na akalipwa.

Yapo ya kuangalia. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huchafua ziwa, kwa hiyo safari za boti ni za asubuhi na kila abiria avae jaketi la kuokolea. Kichocho kipo katika ziwa hilo. Wageni wapelekwe kuogelea kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi, mbali na matete na maji yaliyotuama, na waambiwe ukweli kabla hawajauliza. Mamba nao wana sehemu zao, na wavuvi wanazijua. Mgeni mmoja akiugua kwa kufichwa jambo, habari husafiri haraka kuliko sifa za mwaka mzima.

Kuhusu fedha, ni vyema kusema kwa kiasi. Chukua mfano wa makadirio tu: kundi la wageni wanane, kila mmoja akilipa shilingi 20,000 kwa matembezi ya shambani na meza ya kuonja, ni shilingi 160,000 kwa siku moja. Ukitoa posho ya muonjaji, mwenye shamba, mpishi na mfuko wa chama, hakuna atakayenunua gari. Lakini angalia upande wa kikombe. Kilo sita hivi za matunda hutoa kilo moja ya kahawa safi. Ikikaangwa hupungua na kubaki gramu 800 na kitu. Kwa gramu nane kila kikombe, ni vikombe kama mia moja. Kila anayesoma ukurasa huu na akawahi kukaa kwenye hoteli ya Dar es Salaam anajua kikombe kimoja kinauzwaje, na anaweza kuzidisha mwenyewe. Mgeni anayeondoka na pakiti mbili zilizokaangwa amemlipa mkulima sehemu ya hesabu ile ambayo kwa kawaida huishia mbali.

Pakiti hiyo isiuzwe kwa kificho. Kukaanga na kuuza kahawa kuna leseni yake Bodi ya Kahawa, na chakula kilichofungashwa kina viwango vya TBS. Wafanyabiashara wadogo wa Mbinga mjini wanaweza kuungana kununua mashine moja ya kukaangia na kuhudumia vyama kadhaa, badala ya kila mmoja kuhangaika na leseni yake. Jina kwenye pakiti liwe la kijiji na Mbinga, kwa maandishi makubwa, na mwezi wa mavuno utajwe.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wazungu, na kwamba tatizo la Mbinga si ladha bali magoma. Wako sahihi nusu. Kati ya Januari na Aprili, chakula kikipungua na ada zikidaiwa, mkulima huuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu atakayekuja kubeba magunia wakati wa mavuno. Kagera wanaiita butura, na mkulima anaumia vile vile. Mgeni wa Julai hawezi kulipa deni la Februari. Dawa ya magoma ni akiba na mikopo ya chama inayotoka kwa wakati, na malipo ya awali yasiyocheleweshwa. Wala uonjaji usitumike kuwasahaulisha viongozi wajibu huo. Lakini mnunuzi wa magoma anafanikiwa pia kwa sababu anamwambia mkulima kahawa ni kahawa tu, gunia ni gunia. Mkulima anayejua kwamba kahawa ya mlima wake ina alama 84 na ya jirani ina 78 haambiwi hivyo kirahisi, na benki au mnunuzi wa nje anayetafuta kahawa ya namna hiyo anaweza kukubali kuandikiana naye mapema kwa masharti yenye heshima.

Wengine watauliza wageni wenyewe wako wapi, maana watalii wanaishia Serengeti na Zanzibar. Ni kweli, na mabasi ya wazungu yasisubiriwe. Huko Kilimanjaro, Materuni na vijiji vingine vimeweza kuuza matembezi ya kahawa kwa sababu wapanda mlima wako jirani. Mbinga ianze na walioko karibu: watumishi wa Songea wanaotafuta pa kwenda mwisho wa wiki, wafanyabiashara wanaopita kwenda Mbamba Bay, wanafunzi wa vyuo vya kilimo, watu wa Dar es Salaam wenye asili ya Ruvuma wanaorudi kwao Juni na Desemba wakiwa na watoto wasiojua mbuni unafananaje. Watanzania wanakunywa sehemu ndogo tu ya kahawa wanayoilima. Kila anayefundishwa kuitofautisha njema na mbaya ni mteja mpya ambaye hahitaji meli wala dola.

Msimu una tarehe zake. Matunda ya kwanza yatakapoanza kuwa mekundu Umatengo, muda wa kununua mizani na kumpeleka kijana kujifunza utakuwa umekwisha, kwa sababu kila mtu atakuwa shambani na mitambo itakuwa inafanya kazi hadi usiku. Mikutano mikuu ya vyama ndiyo mahali pa kulipeleka suala hili, na gharama yake iandikwe kwenye makisio kama kifaa cha kazi pamoja na magunia na dizeli. Chama kitakachoanza kionje kwanza kahawa yake chenyewe, wanachama wote wakiwa wamesimama kuzunguka meza, kabla ya kumwalika mgeni yeyote.